Kidonge na Kikombe: Vinywaji Vinavyoandamana na Dawa za Kumeza kwa Wazee wa Kemambo

Katika kaya nyingi za kata ya Kemambo, wilayani Tarime, siku ya mzee huanza kwa kikombe. Huenda kikawa kikombe cha chai ya maziwa yaliyokamuliwa alfajiri, cha uji wa ulezi, au cha maziwa ya mgando yaliyomiminwa kutoka kwenye kibuyu. Kwa mzee mwenye shinikizo la juu la damu, kisukari, maumivu ya viungo au maambukizi ya muda mfupi, kando ya kikombe hicho huwapo bahasha ndogo ya dawa iliyoandikwa kwa kalamu "1x2" au "1x3". Bahasha hutaja idadi ya vidonge na mara za kuvimeza. Ni nadra itaje kinywaji cha kumezea. Mzee basi humeza kwa kile kilicho mkononi, na asubuhi ya Kemambo kilicho mkononi mara nyingi ni maziwa au chai.

Kwa dawa nyingi uchaguzi huo hauna madhara yoyote. Kwa chache huamua kama mgonjwa atapona au hatapona. Maambukizi ya njia ya mkojo yaliyotibiwa kwa vidonge sahihi, kwa idadi sahihi, yanaweza kuendelea kwa sababu theluthi ya kila kidonge iliishia katika maziwa na haikufika kwenye damu. Mgonjwa hurudi zahanati akiwa bado na homa, mtoa huduma hudhani vijidudu vimekuwa sugu, dawa hubadilishwa kwa nyingine yenye gharama kubwa zaidi, na hakuna aliyeuliza habari za kikombe. Makala haya yanaeleza vinywaji vinavyopaswa kutiliwa maanani, dawa vinavyozigusa, na njia ya kuliweka jambo hili katika mazungumzo ya kila siku baina ya mtoa huduma na mzee.

Mwili wa mzee na safari ya kidonge

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu kuwa mzee mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Pamoja na umri huo huja dhana kwamba tumbo la mzee limechoka kiasi cha kushindwa kufyonza dawa. Dhana hiyo si sahihi. Dawa nyingi hupenya ukuta wa utumbo mwembamba zenyewe, bila kuhitaji nguvu ya mwili, na kiasi kinachoingia katika damu ya mzee hakitofautiani sana na kile cha kijana.

Mabadiliko yapo mahali pengine. Kinywa cha mzee hutoa mate machache, na baadhi ya dawa, kama amitriptilini, hukikausha zaidi. Misuli ya umio husukuma kwa nguvu ndogo, kwa hiyo kidonge huweza kukwama njiani. Tumbo humwaga vilivyomo polepole kidogo kuliko zamani. Maji ya mwili hupungua na mafuta huongezeka. Muhimu kuliko yote, figo na ini huondoa dawa taratibu, na mzee mmoja mara nyingi humeza dawa tatu, nne au zaidi kwa siku. Kijana ambaye kiwango cha dawa katika damu yake kimepanda au kushuka kwa theluthi huenda asihisi lolote. Mzee ana nafasi finyu zaidi ya kuvumilia kosa hilo. Hii ndiyo sababu suala la kinywaji, ambalo linamhusu kila mtu, ni zito kwake.

Maji, na ni maji kiasi gani

Kinywaji salama kwa karibu kila kidonge ni maji safi, yaliyochemshwa au kutibiwa, yasiyo ya moto. Kiasi kinachofaa ni glasi moja iliyojaa, takriban robo lita. Maji hayo hufanya kazi mbili: hukishusha kidonge hadi tumboni, kisha hukilainisha ili kiyeyuke na kusukumwa haraka kuelekea utumbo mwembamba, ambako ufyonzwaji mwingi hutokea.

Wazee wengi hawanywi kiasi hicho. Humeza kwa funda moja au mawili, na wengine hurusha kidonge kinywani na kukimeza kwa mate. Kidonge kilichokwama katika umio huyeyuka pale pale na kuuchoma ukuta wake. Doksisaiklini, vidonge vya madini chuma, kloridi ya potasiamu, aspirini na diklofenaki vinajulikana kwa kuacha vidonda vya namna hiyo. Maumivu yake hutokea nyuma ya mfupa wa kifua, huongezeka wakati wa kumeza, na huweza kumtia hofu mgonjwa na hata mtoa huduma wakadhani ni moyo. Kwa sababu hiyo mzee anapaswa kumeza akiwa ameketi wima au amesimama, na asilale kwa muda wa nusu saa baadaye. Kidonge cha usiku kimezwe kabla ya kupanda kitandani, wala kisimezwe mtu akiwa amejilaza.

Kabla ya kumlaumu mzee anayekwepa maji, yafaa kuijua sababu yake. Choo cha nyumba nyingi za vijijini kiko nje, hatua kadhaa kutoka mlangoni. Kwa bibi mwenye magoti mabovu na macho hafifu, kuamka usiku mara tatu ni hatari ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Akipewa dawa ya kuongeza mkojo, kama haidroklorothiazidi au furosemidi, kisha akaimeza jioni, atajifunza upesi kwamba usalama wake uko katika kutokunywa. Dawa hizo humezwa asubuhi. Mabadiliko hayo madogo ya saa huweza kumrudishia mzee glasi yake ya maji kuliko mawaidha mengi.

Wagonjwa wa moyo uliolegea au wa figo waliowekewa kikomo cha maji kwa siku wasizidishe kikomo hicho kwa ajili ya vidonge. Maji ya kumezea huhesabiwa ndani ya kiasi walichopangiwa.

Maziwa: yanapozuia na yanaposaidia

Katika jamii ya wafugaji maziwa ni chakula, ni heshima kwa mgeni, na kwa wengi ni dawa. Wapo wanaoamini kwamba maziwa hupunguza ukali wa dawa na kulinda tumbo. Imani hiyo ina chembe ya ukweli ndani yake, kwa sababu kwa dawa fulani maziwa hupunguza kweli nguvu ya dawa, hadi isitibu.

Kinachofanya hivyo ni kalsiamu. Siprofloksasini, inayotumika kwa homa ya matumbo na baadhi ya maambukizi ya njia ya mkojo, hushikamana na kalsiamu tumboni na kutengeneza kitu kisichopenya ukuta wa utumbo. Katika utafiti uliofanyika nchini Ufini na kuchapishwa mwaka 1991, watu wazima wenye afya walimeza dawa hiyo kwa maji, kwa maziwa au kwa mtindi. Kiasi kilichofika katika damu kilipungua kwa karibu theluthi moja kwa maziwa, na zaidi kidogo kwa mtindi. Jambo hili lina maana kwa Kemambo: kugandisha maziwa hakuondoi kalsiamu. Mgonjwa aliyeambiwa aache maziwa akahamia kwenye maziwa ya mgando hajabadilisha kitu. Chai iliyopikwa kwa maziwa mengi nayo ihesabiwe kuwa maziwa.

Tetrasaiklini huathirika vibaya zaidi, kwa nusu au kuzidi. Doksisaiklini, ambayo ni ndugu yake, huathirika kwa kiasi kidogo, lakini bado ni bora imezwe kwa maji. Amoksilini haiguswi na maziwa, na hakuna haja ya kumnyima mzee maziwa yake kwa ajili hiyo. Kutaja dawa isiyozuiwa ni muhimu sawa na kutaja inayozuiwa: agizo la jumla la "usinywe maziwa na antibayotiki" humwondolea mzee chakula chake bora wakati mwili wake unakihitaji, na mara nyingi hupuuzwa lote pamoja na sehemu yake iliyo ya kweli.

Kwa siprofloksasini kanuni ni rahisi: kidonge kimezwe kwa maji, saa mbili kabla ya maziwa au saa sita baada yake. Kanuni hiyo hiyo inahusu vidonge vya kalsiamu, madini chuma, na dawa za kutuliza asidi ya tumbo zenye magnesiamu au alumini, ambazo wazee hununua katika Duka la Dawa Muhimu bila cheti na bila kumtajia mtu. Dolutegraviri, iliyo ndani ya kidonge kimoja kwa siku cha watu wengi wanaoishi na VVU, nayo hushikwa na vidonge vya kalsiamu na madini chuma. Humezwa saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baadaye, isipokuwa kama vyote vinamezwa pamoja na mlo. Idadi ya wazee wanaoishi na VVU inaongezeka kadiri matibabu yanavyowafikisha uzeeni, na baadhi yao hupewa vidonge vya damu katika chumba kimoja na dawa za VVU katika chumba kingine.

Upande wa pili wa maziwa husemwa mara chache, nao ni wa thamani kubwa katika Kanda ya Ziwa. Dawa mseto ya malaria, iliyozoeleka kwa jina la ALU, ndiyo tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali nchini Tanzania tangu mwaka 2006. Sehemu yake moja, lumefantrini, haiyeyuki vizuri katika maji. Inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia katika damu huweza kuwa mara 16 ya kile kinachoingia tumbo likiwa tupu. Wala mafuta yanayohitajika si mengi: utafiti uliotumia maziwa ya soya ulionyesha kwamba gramu 1.2 tu za mafuta, ndani ya kiasi cha kinywaji kisichofikia robo glasi, zilitosha kuleta karibu faida yote.

Mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula, na mzee hushindwa zaidi kuliko kijana. Kumwambia ale mlo wenye mafuta ndipo ameze dawa ni kumpa sharti ambalo mwili wake umelikataa. Lakini kikombe cha maziwa ya ng'ombe ambayo hayajaondolewa mafuta, yakiwa yamechemshwa, anaweza kukinywa. Supu yenye mafuta, iwe ya kawaida au ya kichuri, hufaa vilevile. Dozi ya mtu mzima ni vidonge vinne mara sita: ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha kila baada ya saa kumi na mbili, kwa siku tatu. Kila moja iende na maziwa au chakula, zikiwamo dozi za siku ya tatu, wakati homa imeshashuka na familia imekwisha kusahau.

Chai, kahawa na uji

Majani ya chai yana tanini, ambazo hushikamana na madini chuma kama vile kalsiamu inavyoshikamana na siprofloksasini. Kikombe cha chai pamoja na mlo hupunguza kwa zaidi ya nusu ufyonzwaji wa madini chuma yaliyomo katika mboga na nafaka, na vidonge vya kuongeza damu navyo huathirika. Mzee mwenye upungufu wa damu ambaye amemeza vidonge hivyo kwa chai miezi mitatu bila nafuu hapaswi kuambiwa tu aendelee. Aulizwe kwanza anavimeza kwa nini. Chai isogezwe mbali kwa angalau saa moja au mbili, na kidonge kimezwe kwa maji au kwa maji ya chungwa. Ikumbukwe pia kwamba upungufu wa damu kwa mzee huhitaji kutafutiwa chanzo. Kidonda cha tumbo kinachovuja kwa sababu ya diklofenaki ya kila siku hakitibiki kwa kubadilisha kinywaji.

Miinuko ya Tarime hulima kahawa. Kahawa huzuia ufyonzwaji wa levothairoksini, dawa ya watu ambao tezi ya shingo yao haifanyi kazi au imeondolewa. Dawa hiyo humezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa, kila siku kwa namna ile ile. Alendroneti, dawa ya mifupa ambayo haionekani sana vijijini, hupoteza karibu asilimia 60 ya nguvu yake ikimezwa kwa kahawa au maji ya chungwa. Siprofloksasini nayo ina jambo lake na kahawa: huzuia ini kuondoa kafeini, kwa hiyo mzee aliyezoea vikombe vitatu bila taabu huweza kupata mapigo ya moyo ya haraka, mikono kutetemeka na usiku usio na usingizi. Wakati wa dozi hiyo kahawa ipunguzwe.

Uji unastahili uangalifu wake. Unga wa ulezi una takriban miligramu 340 za kalsiamu katika kila gramu 100, kiasi kikubwa kuliko nafaka nyingine zinazoliwa nchini, pamoja na tanini na faiteti zinazoshika madini chuma. Sifa hiyo huufanya uji wa ulezi kuwa chakula kizuri kwa mifupa ya mzee, na hiyo hiyo ndiyo sababu ya kutoutumia kumezea siprofloksasini, tetrasaiklini au vidonge vya damu.

Kuna tatizo la pili, la namna ya kuandaa. Walezi wenye huruma husaga vidonge na kuvichanganya katika uji mzito ili mzee asiyeweza kumeza apate dawa yake. Uji mzito huchelewesha kuyeyuka kwa dawa. Hatari zaidi ni kusaga vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole. Kidonge cha nifedipini cha muda mrefu kikisagwa, dawa iliyopangwa kwa saa nyingi huingia mwilini kwa pamoja. Shinikizo la damu huporomoka, na mzee huanguka anapoinuka. Diklofenaki yenye ganda la kuilinda tumboni ikisagwa hupoteza kinga hiyo. Mlezi asisage kidonge chochote kabla ya kuuliza. Mara nyingi ipo dawa ya maji, au kidonge kingine kinachoruhusu kuvunjwa.

Maji ya matunda

Balungi limepata sifa yake kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa London, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, wakiongozwa na David Bailey, walitaka kujua iwapo pombe hubadilisha kiwango cha felodipini, dawa ya shinikizo la damu. Ili washiriki wasitambue ladha ya pombe, waliichanganya na maji ya balungi. Viwango vya dawa vilipanda kupita matarajio, na kosa halikuwa la pombe. Mwaka 1991 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba balungi liliongeza felodipini katika damu kwa zaidi ya mara mbili, na nifedipini kwa karibu theluthi.

Sababu iko katika ukuta wa utumbo. Humo mna kimeng'enya kinachoharibu sehemu ya dawa kabla haijafika katika damu, na wapimaji wa dozi wamekwisha kuuzingatia upotevu huo. Balungi hukizima kimeng'enya hicho, na mwili hulazimika kutengeneza kingine, kazi inayochukua siku moja hadi tatu. Kwa hiyo kunywa maji ya balungi asubuhi na kumeza dawa jioni hakusaidii. Wazee wanaotumia nifedipini au simvastatini ni salama zaidi wakiliacha balungi kabisa. Amlodipini huathirika kidogo sana.

Chungwa la kawaida halina tabia hiyo, ila lina nyingine. Linaweza kufunga milango ambayo baadhi ya dawa huitumia kuingia mwilini. Atenololi, dawa ya shinikizo la damu na moyo, ilipungua kwa karibu asilimia 40 kwa watu waliokunywa maji ya chungwa glasi moja mara tatu kwa siku. Chungwa moja baada ya chakula halina tatizo. Kumezea kidonge kwa maji ya chungwa ndiko kusikofaa.

Ukwaju na rozela navyo havikuachwa na watafiti. Huko Sudan, mwaka 1994, ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba vinywaji vya ukwaju, rozela na limau vilipunguza kiasi cha klorokwini kilichofyonzwa. Klorokwini iliondolewa katika tiba ya kwanza ya malaria Tanzania mwaka 2001 kwa sababu ya usugu wa vimelea, na wazee wa leo wanaikumbuka kwa uchungu wake. Ni wangapi waliuondoa uchungu huo kwa maji ya ukwaju hakuna aliyewahesabu.

Pombe

Pombe haihusiki sana na ufyonzwaji; madhara yake hutokea dawa ikiwa tayari ndani ya mwili. Inatajwa hapa kwa sababu katika sherehe, misiba na vikao vya wazee hunywewa siku ile ile dawa zinapomezwa, na kwa sababu mzee akiulizwa "Unakunywa pombe?" mbele ya mkwewe atajibu hapana.

Hatari inayoua upesi ni ya mgonjwa wa kisukari anayetumia glibenklamidi. Dawa hiyo hushusha sukari. Pombe hulizuia ini lisitoe sukari ya akiba. Figo za mzee huondoa dawa polepole. Akinywa bila kula, sukari yake hushuka saa kadhaa baadaye. Hutokwa jasho, hutetemeka, huongea maneno yasiyoeleweka, huyumba. Walio karibu humwona mzee aliyelewa, humlaza na kumfunika blanketi. Anaweza asiamke. Familia ya mgonjwa wa kisukari ijue kwamba dalili hizo ni za sukari kushuka mpaka kipimo kioneshe vinginevyo: akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe mara moja soda ya kawaida yenye sukari au maji yaliyokorogwa sukari, kisha apelekwe kituoni. Akiwa hana fahamu asipewe chochote kinywani. Apelekwe bila kusubiri asubuhi. (Soda, ambayo kwa siku nyingine zote mgonjwa huyo huambiwa aiache, hapa ndiyo kinywaji sahihi.)

Pombe pamoja na diazepamu, fenobabitoni au amitriptilini huongeza usingizi na kuanguka. Pamoja na aspirini au diklofenaki huongeza uwezekano wa tumbo kutoka damu. Pamoja na isoniazidi huongeza hatari ya kuumia kwa ini. Hili la mwisho lina uzito katika eneo la machimbo kama Nyamongo, ambako wazee kadhaa walipitisha ujana wao katika vumbi la mawe, na mapafu yenye vumbi hilo hupata kifua kikuu kwa urahisi. Dawa za kifua kikuu hufyonzwa vizuri zaidi kwa maji, saa moja kabla ya chakula au saa mbili baadaye. Hata hivyo mzee anayetapika kila anapozimeza tumbo likiwa tupu apewe nafasi ya kuzimeza na chakula chepesi. Ufyonzwaji uliopungua kidogo ni afadhali kuliko dozi iliyotapikwa au kuachwa.

Swali moja dirishani

Mtoa dawa katika zahanati yenye foleni hana muda wa kueleza yote haya, wala mzee hawezi kuyashika kwa mara moja. Linalowezekana ni swali moja. Baada ya salamu, badala ya "Umeelewa, bibi?" ambalo hujibiwa "ndiyo" kwa adabu tu, aulize: "Bibi, kidonge hiki utakimeza na nini, na saa ngapi?" Jibu la swali hilo hufichua maziwa, chai, uji, kidonge cha asidi kutoka dukani, na mjukuu anayesaga dawa. Kisha maneno mawili au matatu yaandikwe kwenye bahasha, chini ya "1x2": maji tu, au pamoja na maziwa, au mbali na chai. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayetembelea kaya anaweza kuomba kuonyeshwa bahasha zote kwa pamoja, jambo ambalo dirisha moja la dawa haliwezi.

Chukuliwa mfano wa mama wa miaka 74 anayetumia nifedipini ya muda mrefu asubuhi na jioni, vidonge vya madini chuma mara moja kwa siku, na ambaye sasa ameandikiwa siprofloksasini mara mbili kwa siku kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Akifuata bahasha tatu kama zilivyo, atameza vyote saa 1 asubuhi kwa chai ya maziwa, na madini chuma pamoja na maziwa vitaishika siprofloksasini kwa wakati mmoja.

Ratiba yake inaweza kupangwa upya bila kumnyima kitu. Saa 12 asubuhi, akiamka, ameze siprofloksasini na nifedipini kwa glasi ya maji. Saa 2 asubuhi anywe chai yake ya maziwa au uji wa ulezi. Saa 6 mchana ameze kidonge cha madini chuma kwa maji, kabla ya mlo usio na chai wala maziwa. Saa 12 jioni arudie siprofloksasini na nifedipini kwa maji. Zimepita saa sita tangu madini chuma. Kuanzia saa 2 usiku maziwa ya mgando yanarudi mezani.

Ikiwa ratiba hiyo ni ngumu kwake, tabibu anaweza kuchagua njia fupi zaidi: kusimamisha madini chuma hadi siprofloksasini iishe. Tiba ya upungufu wa damu huchukua miezi, nayo haitaharibika kwa kusubiri siku chache. Uamuzi huo uandikwe kwenye bahasha pamoja na tarehe ya kuanza tena, ili mama asije akadhani ameachishwa dawa moja kwa moja, na binti anayemhudumia asomewe tarehe hiyo kabla hawajaondoka dirishani.